Nusu ya Kengele za Gosfleet

Ijumaa ile asubuhi, matokeo ya kura yalipotangazwa, Glenda Sneath alikuwa jikoni kwa mama yake akipaka siagi kwenye mkate uliochomwa. Redio ilisema nchi imeamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Glenda akapaka siagi mpaka pembezoni, kwa sababu mama yake hakuupenda mkate mkavu pembezoni, akaukata pembetatu, akampelekea kitandani. Kisha akarudi jikoni, akalia kidogo mbele ya sinki, akaosha kisu.

Jioni yake kulikuwa na mazoezi ya kengele. Kanisa la Gosfleet lina kengele sita, na kila Ijumaa wapigaji sita walisimama duara chini ya mnara, kila mtu na kamba yake, wakazipiga kwa mtindo wa kwao, ambao hauna wimbo. Una zamu. Kengele hubadilishana nafasi, ya pili ikaipita ya tatu, ya tatu ikarudi nyuma ya nne, na anayekosea hana pa kujificha maana kijiji kizima kinasikia. Glenda, mwenye miaka sitini na kitu na aliyestaafu upishi wa shule, ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Uongozi aliurithi kwa mama yake, Winifred, naye Winifred aliurithi kwa baba yake. Royston, mdogo wake Glenda, dereva wa lori la kabichi, alipiga ya tano. Wote wawili walifundishwa wakiwa wadogo, wakisimama juu ya makreti ya bia ili wazifikie kamba.

"Tayari," Glenda alisema, kama inavyosemwa siku zote. "Ndogo inakwenda. Imekwenda."

Akavuta, na kengele yake ndogo ikalia. Ya pili, ya mke wa kasisi, ikalia. Ya tatu haikulia, ingawa kamba yake ilipanda na kushuka mikononi mwa fundi bomba kama kawaida. Ya nne, ya mwalimu mstaafu, ikalia. Ya tano ya Royston na ile nzito ya sita, ya mwenye bucha, zilikuwa kimya. Glenda akawasimamisha.

"Roy, mbona nyie hamvuti?"

"Sisi? Nyie ndio mmelala," Royston akasema. "Tangu mmeanza nasikia tatu tu, ya kwangu na hizi mbili. Dada, umezeeka au umenuna?"

Walibadilishana kamba, wakagundua kwamba kimya kinaufuata mkono, hakiifuati kengele. Maji ya chai yalipochemka, jambo lilikwisha kuwa wazi. Aliyepiga kura ya kubaki alisikia kengele zilizopigwa na waliotaka kubaki, na aliyepiga kura ya kutoka alisikia za waliotaka kutoka. Wakanywa chai, wakala biskuti. Mwenye bucha alisema afadhali kujua kuliko kutojua. Baada ya hapo walimalizia mazoezi kwa kutazama kamba, kwa kuwa muda wa mazoezi ulikuwa haujaisha.

Gosfleet, kumwuliza mtu kura yake ni kama kumwuliza mkewe ana uzito gani. Sasa haikuhitajika kuuliza. Jumapili, baada ya ibada, ungeweza kumsimamisha mtu makaburini ukamwambia, "Nzito imelia vizuri leo," na uso wake ukakupa jibu. Cyril Tasker, mwenye duka, alikuwa amekubaliana na kila mteja kwa miezi mitatu, wa kutoka na wa kubaki, huku akiwafungia jibini. Za mwizi arobaini. Jumatatu aliisifu ile nzito mbele ya mke wa kasisi, na hadi Jumatano nusu ya kijiji ilikuwa inanunua maziwa mji wa pili.

Ambao hawakupiga kura kwa uvivu hawakusikia kengele yoyote, wakasema Jumapili zimekuwa za kupumzika kwelikweli. Watoto walisikia kengele za yule anayewapikia. Mtaalamu aliletwa kutoka mjini, akapanda mnarani na tochi yake, akasikiliza, akaandika kwamba kengele tatu ni nzima na tatu nyingine hazipigwi. Hakuandika ni zipi, maana kwake yeye lilikuwa jambo la wazi.

Winifred Sneath alikuwa na miaka tisini na kitanda chake kilikwisha kushushwa sebuleni, karibu na dirisha linalotazama mnara. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kamba kanisani pale, enzi ambazo wanaume walisema kengele zitapasuka. Kichwa chake kilikuwa kizima. Moyo ndio uliokuwa umechoka, na daktari alishasema hakuna la kufanya ila kumtunza.

"Nataka kuzisikia zote sita," alimwambia Glenda mwezi wa nane. "Mara moja tu. Halafu mtanizika mtakavyo."

"Kwani sasa unasikia ngapi, Mama?"

"Tatu."

"Zipi?"

"Kura ni siri, Glenda. Babu yako alipoteza mguu vitani kwa ajili ya siri hiyo. Au ndivyo alivyotuambia."

Glenda hakulala vizuri tangu siku ile. Alitaka mama yake azisikie zote sita, hilo ni kweli kabisa, na angetoa bega lake la kulia ili iwe hivyo. Lakini alitaka pia kujua ni tatu zipi. Alijiambia kwamba mama ni wa kubaki, kwa sababu Winifred aliwahi kwenda Ubelgiji kwa basi la kanisa akarudi akiisifu chokoleti mwaka mzima. Royston naye alimwambia kila mtu kwenye baa kwamba mama ni wa kutoka, kwa sababu Winifred amekuwa akiwalaani wakubwa wa Umoja kule Brussels tangu walipoanza kuingilia uvuvi wa samaki. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ngozi yenyewe ilikuwa imelala sebuleni ikisubiri chai.

Alasiri moja Glenda alimwomba mke wa kasisi aende mnarani akaipige ya pili peke yake, saa ambayo si ya kupiga kengele. Yeye akaketi kando ya kitanda, akajifanya anafuma, akamtazama mama yake machoni. Ya pili ikalia. Winifred aliangalia dari. Ikalia tena. Winifred akapiga miayo.

"Nakuona unavyonitazama," alisema mwishowe. "Ulikuwa unanitazama hivyohivyo ulipokuwa mtoto, ukitaka kujua peremende nimezificha wapi."

"Nilikuwa nafuma tu, Mama."

"Roy naye alikuja jana kufuma. Na hajui kufuma."

Glenda aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hata hivyo, alipokuwa akiondoka, alijikuta anajiuliza ile miayo ilikuwa na maana gani.

Aliyemtunza Winifred asubuhi na jioni alikuwa Jolanta, mwanamke wa Kipolandi. Alikuja Gosfleet miaka mingi nyuma kukata koliflawa mashambani, mgongo ukamshinda, akaingia kazi ya kuwahudumia wazee. Hakuwa raia, kwa hiyo hakupiga kura. Alisikia kengele zote sita na hakujua kama hilo ni jambo la kutaja. Wenzake waliokuwa kwenye ghala la kufungasha kabichi nao walizisikia zote, lakini kijijini hakuna aliyewajua kwa majina.

Ijumaa moja bega lilimuuma Glenda, akamwachia kasisi kamba yake na kwenda kukaa na mama. Jolanta alikuwa anamsugua Winifred miguu kwa mafuta. Kengele zikaanza. Glenda alisikia tatu na mapengo yake, kama mdomo wa mzee.

"Leo wanapiga vizuri," Jolanta akasema. "Ya tano tu inachelewachelewa."

Winifred akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Wewe unasikia ngapi?"

"Sita, Bi Winnie. Si ziko sita?"

"Njoo hapa. Acha miguu, miguu haina haraka. Nipe mkono."

Akamwonyesha. Kidole gumba ni ile ndogo, kidole cha shahada ni ya pili, na kuendelea mpaka kidole cha mwisho, na ile nzito ni katikati ya kiganja. Jolanta akafuta mafuta mikononi, akaushika mkono wa bibi kizee, akaanza kubonyeza kila kengele ilipolia. Mwanzoni alikosea, kisha akashika. Zamu zilipobadilika, vidole vyake vilibadilika nazo. Winifred alifumba macho, na uso wake ukarudi nyuma miaka arobaini.

"Roy huyo," alinong'ona. "Anachelewa tangu hajaota ndevu."

Glenda alikuwa amesimama mlangoni na chai mkononi. Aliona wivu wa kitoto kabisa, akataka kuunyakua ule mkono, na wakati uleule alitaka kupiga magoti amshukuru yule mwanamke. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliweka chai mezani na kuuliza nani anataka sukari.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Ijumaa na kila Jumapili Jolanta alikaa na ule mkono, Winifred akazipata kengele zake zote, na daktari akashangaa kidogo kwamba bado yupo. Glenda alipopiga mnarani alipiga kwa moyo, kwa kuwa alijua kengele ya Royston asiyoisikia inafika kwenye kidole cha mama.

Mwezi wa kumi mkutano wa hadhara uliitishwa kwenye ukumbi wa kijiji. Siku ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani ilikuwa inakaribia, na hakuna aliyekuwa tayari marehemu wake wapigiwe nusu. Watu wa kubaki walikaa kushoto, wa kutoka kulia, na katikati pakabaki njia ambayo hakuna aliyeikata hata kwenda chooni. Walizunguka kwa nje. Glenda, kwa kuwa kiongozi wa kengele, alikuwa mwenyekiti.

"Mimi naona hivi," mwenye bucha alisema. "Tulipiga kura, tulishinda. Aliyeshindwa ashike kamba yake anyamaze."

"Mlidanganywa mchana kweupe, mkashangilia," mwalimu mstaafu akajibu.

"Nani kadanganywa? Unaniita mjinga mbele ya mke wangu?"

"Sijakutaja. Umejitaja mwenyewe."

"Kaa chini, mwalimu, hapa si darasani!"

Mwingine akapendekeza kengele tatu mwaka huu na tatu mwaka ujao. Akaulizwa waanze akina nani, na hapo kelele zikazidi. Royston alisimama juu ya kiti. Mke wa kasisi, ambaye hakuwahi kupaza sauti hata kwenye mechi, alimwita mtu mzima kiazi. Glenda aligonga meza kwa kijiko. Alikuwa amefikiri juu ya jambo hili siku nyingi na aliliona kuwa ni zuri.

"Yupo mtu mmoja humu anazisikia zote," alisema. "Mama yangu anazipata kupitia kwake. Tumuulize yeye kama zinapigwa sawasawa, tuache kubishana. Jola, simama."

Jolanta alikuwa nyuma, kwenye birika kubwa la chai, akiosha vikombe. Akasimama pale na mikono yake inadondosha maji.

"Mnapiga vizuri," alisema. "Zote sita. Nafikiri mnapiga vizuri kuliko zamani, kwa sababu sasa kila mtu anaogopa kukosea."

Cyril Tasker, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwa kuwa hakuna upande uliomtaka, akainuka na kuvuta sweta lake chini.

"Kwa hiyo ndio tumefika hapa?" aliuliza kwa huzuni. "Mgeni ndiye atuambie kengele zetu zinalia vipi?"

Makofi yakaanza upande wa kulia, yakahamia kushoto. Royston alipiga makofi. Mwalimu mstaafu alipiga makofi. Mke wa kasisi alipiga pia, kwa ncha za vidole. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu mwezi wa sita, na watu walitazamana kwenye ile njia ya katikati kwa namna fulani ya upendo. Glenda hakupiga makofi. Kijiko alikuwa nacho, meza alikuwa nayo, na uenyekiti alikuwa nao. Akaangalia viatu vyake mpaka makofi yakaisha, kisha akasoma ajenda iliyofuata, iliyohusu taa za mtaani.

Kesho yake duka la Cyril lilijaa.

Hakuna aliyempiga Jolanta wala kumtukana. Watu waliendelea kumsalimia kwa habari za mvua na baridi, kama kawaida. Ila sasa kila aliyemsalimia alimwuliza anarudi lini kwao, kwa upole, kama mtu anayeulizia ratiba ya basi. Baada ya kuulizwa mara nyingi, alianza kuwa na jibu.

Siku yake ya mwisho alimwosha Winifred nywele, akazikausha, akazibana kwa pini. Walichoambiana wakiagana hakuna aliyekisikia. Glenda alimsindikiza hadi kwenye geti.

"Jola, sikujua watasema vile. Naapa."

"Najua hukujua," Jolanta alisema. "Lakini ulinisimamisha mbele za watu, mama, halafu ukaniacha nimesimama."

"Ningesema nini?"

"Hata kikohozi. Hata ungekohoa tu."

Akapanda gari la dada yake, begi moja nyuma. Glenda alibaki ameshika geti mpaka vidole vikafa ganzi. Jumapili iliyofuata aliwatafuta wale wa ghala la kabichi, akasimama mlangoni pao na keki mkononi, akaeleza kwa sauti kubwa na polepole kwamba anatafuta mtu wa kumbonyezea mama vidole Siku ya Kumbukumbu. Walimsikiliza kwa adabu. Walisema wote wako zamu siku hiyo, na Jumapili nyingine zote pia. Keki waliirudisha.

Siku ya Kumbukumbu ilipofika, Gosfleet ilikuwa imezoea. Kulikuwa na ratiba mbili za chai, meza mbili za mkate wa zabibu, na kila mtu alivaa ua lake jekundu la karatasi la kuwakumbuka wafu. Asubuhi walipiga kengele zote sita, ngozi zikiwa zimefungwa upande mmoja wa ulimi wa kila kengele, kama inavyofanywa kwa ajili ya wafu, ili pigo moja liwe kali na linalofuata liwe mwangwi. Wa kubaki walisema tatu zao zilitia uchungu. Wa kutoka walisema hivyohivyo juu ya tatu zao.

Alasiri walipanga kupiga tena. Muuguzi wa mjini alikuwa amepita na kumwambia Glenda kwamba saa zimebaki chache, na yeye atarudi. Kwa hiyo Glenda na Royston waliacha kamba zao, wakabaki wapigaji wanne mnarani, wawili wa huku na wawili wa kule. Ndugu hao walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda cha mama, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Dirisha lilikuwa wazi na sebule ilikuwa baridi kama pishi.

"Zinaanza?" Winifred aliuliza.

"Sasa hivi, Mama."

Akatoa mikono yote miwili, akailaza juu ya blanketi, viganja juu. Glenda aliushika wa kushoto na Royston akaushika wa kulia. Ndugu wale walitazamana juu ya mwili mdogo wa mama yao. Glenda akafikiri, labda. Mimi zangu na yeye zake. Labda zikikutana mle ndani zitakuwa zote.

Kengele zikaanza. Glenda alibonyeza kidole cha shahada, akasubiri, akabonyeza cha nne. Royston alibonyeza cha katikati, kisha kiganja. Winifred alifumba macho. Mizunguko michache ilikwenda hivyo, na mdomo wa bibi kizee ukaanza kuhesabu bila sauti.

Kisha ukasita.

"Umewahi," Glenda alinong'ona.

"Nani? Mimi nabonyeza inapolia."

"Umewahi, Roy. Ya tatu haiwezi kuingia kabla ya ya pili kwenye zamu hii."

"Ya pili siisikii, nitajuaje? Wewe ndiye umechelewa."

"Mimi nasikia vizuri kabisa."

"Unasikia zako!"

"Shusha sauti. Mama yupo hapa."

"Mama yupo hapa, ndiyo, na angekuwa na yule mwanamke wake kama ungefungua mdomo ukumbini."

"Mimi? Wewe ulipiga makofi!"

"Kila mtu alipiga makofi. Wewe ulikuwa mwenyekiti, Glen. Kijiko ulikuwa nacho wewe."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli Glenda alimjibu kwa jambo jingine. Alimjibu kwa hoja za kampeni, kwa samaki, naye akamrudishia hospitali. Wakapita kwenye ahadi zilizoandikwa kwenye mabasi ya kampeni, kwenye bei ya koliflawa, kwenye kabati la baba ambalo Royston alilichukua bila kuuliza mwaka ule wa mafuriko. Walibishana kwa sauti ya chini, kama watu waliolelewa vizuri, wakiinama mbele ili wasilikose neno hata moja. Winifred alikwisha kuchomoa mikono yake. Aliiingiza chini ya blanketi, mmoja baada ya mwingine, na ndugu wale wakaendelea kubonyeza kitambaa kwa muda, kila mtu upande wake, kabla hawajaona kwamba hakuna kitu pale. Hata walipoona hawakunyamaza.

Mnarani kengele zilisimama. Nje watu walielekea kwenye chai zao mbili.

Muuguzi alipoingia alisema habari za jioni, nao walikuwa bado wanabishana. Aliinama juu ya kitanda, akagusa shingo ya Winifred, akaigusa tena, akalivuta blanketi vizuri mpaka mabegani.

"Amefariki saa ngapi?" aliuliza.

"Kengele zilipokuwa bado zinalia," Royston alisema.

"Hapana," Glenda akasema. "Zilikuwa zimekwisha."

"Bado zilikuwa zinalia, dada. Mimi nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unasikia zako."

Muuguzi alisubiri wamalize. Ilipoonekana hawamalizi, aliitazama saa yake ya mkononi, akaandika ile saa aliyofika yeye, akaenda kufunga dirisha.